Kazi ya wengi, ufunguo wa mmoja

Kila grupu linapovurugika, watu huanza kumsaka admini mbaya. Nani alimtoa fulani, nani kafuta meseji ya nani, kwa nini yule anaruhusiwa kumwaga matangazo na haguswi. Maadmini wakorofi wapo, tena tunawajua kwa majina. Ila magomvi makubwa niliyoyaona yalianzia kwenye swali ambalo hakuna aliyeuliza siku grupu linafunguliwa: ufunguo anashika nani?

Mfano ulio jirani upo Arusha. Mimi ni fundi kompyuta hapa Moshi, na wateja wangu wengi ni waongoza watalii wa Moshi na wa Arusha. Wale wa Arusha wana grupu la WhatsApp ambalo msimu ukikolea linawasaidia kuliko ofisi yoyote. Nani amekwama kwenye tope baada ya lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, foleni ya vibali ikoje asubuhi hii, nani ana siti mbili zimebaki kwenye gari la kurudi mjini kutoka Seronera, katikati ya Serengeti. Maadmini watano, wote wa kujitolea. Wanapigiwa simu usiku wa manane kuamua ugomvi wa kuibiana wageni, wanafuta picha chafu kabla watoto hawajashika simu za baba zao, na hakuna anayewanunulia hata bando.

Aliyelifungua grupu hilo aliacha kazi ya utalii, akahamia Dar es Salaam, akaanza biashara ya viwanja. Basi kila jioni tangazo: kiwanja kimepimwa, hati ipo, umeme na maji jirani, bei maelewano. Wenzake wakamsihi, "Kaka, hili ni grupu la kazi." Akajibu kwa kidole gumba. Wakakaa kikao Sanawari, wakakubaliana kwa kauli moja kumvua uadmini. Wakashindwa. Kwa utaratibu wa WhatsApp, mwanzilishi wa grupu haondolewi na maadmini wenzake; anabaki na cheo chake mpaka atoke mwenyewe kwa hiari yake. Wakafungua jipya. Waliokuwa na mtandao siku hiyo wakahamia, waliokuwa porini na wageni wakabaki kule wakisoma bei za viwanja.

Watu wa IRC wamekutana na jambo hili mara nyingi, na kwa gharama kubwa zaidi. Kwa asiyeifahamu, IRC ni mfumo wa maongezi ya maandishi ulioandikwa na Jarkko Oikarinen mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini. Waliopitia intaneti kafe mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataukumbuka kwa programu ya mIRC. Hauna mwenyewe mmoja. Ni mitandao mingi, na kila mtandao ni seva kadhaa, yaani kompyuta za kupitishia meseji, zilizounganishwa, zilizotolewa na vyuo, kampuni za intaneti au watu wenye moyo tu. Wanaouendesha hawalipwi. Ngazi ni mbili: waangalizi wa chaneli (chaneli ni kama grupu), ambao wanaweza kumtoa mtu kwenye chaneli yao au kumpiga bani asirudi, na juu yao wasimamizi wa mtandao, ambao wanaweza kumfungia mtu asiingie seva hata moja. Desturi nzuri ni kwamba wa juu hawaingilii magomvi ya ndani ya chaneli. Wanashughulika na wanaoushambulia mtandao wenyewe.

Kinachonivutia ni jinsi programu ilivyoamua siasa. Katika EFnet, mtandao mkongwe, chaneli haisajiliwi. Aliyeifungua ndiye mwangalizi, na wote wakitoka inakufa. Zamani seva zikiachana kwa hitilafu, mjanja aliweza kubaki peke yake upande mmoja, akajipatia uangalizi, na zikiungana tena akawatimua wenye chaneli. Vita vya kuporana chaneli vilikuwa mchezo wa kila siku. DALnet, iliyoanza 1994, ikaja na usajili: jina lako ni lako kwa neno la siri, na chaneli ina mwanzilishi anayetambuliwa na mfumo. Uporaji ukapungua sana. Ila sasa kuna mwanzilishi, na mwanzilishi akiwa mtu wa ovyo, mnarudi kwenye viwanja.

Mwaka 1996 EFnet yenyewe ilipasuka. Upande mkubwa wa Ulaya ukajitenga na kuwa IRCnet, kwa sababu ya kutokubaliana juu ya namna ya kuzuia uporaji huo na juu ya madaraka ya wasimamizi wa seva. Mpasuko ule haukumuua mtu. Kila upande ulibaki na seva zake, maisha yakaendelea, na mitandao yote miwili ipo hadi leo.

Wa 2021 ndio uliouma. Freenode ulikuwa mtandao mkubwa wa IRC wa watu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha. Ulijengwa na Rob Levin, aliyejulikana kwa jina la lilo, akafariki mwaka 2006 baada ya kugongwa na gari akiwa kwenye baiskeli. Alitaka waangalizi wa chaneli wavue ile alama ya @ inayowatambulisha na kuivaa pale tu panapohitaji kuchukua hatua, kisha waivue tena. Hoja yake ilikuwa kwamba alama ikionekana muda wote inavuta ugomvi. Ningependa maadmini wetu wajaribu hilo hata wiki moja, maana wapo wanaoandika "Admin" hadi kwenye jina la M-Pesa.

Sasa, nyuma ya kazi hiyo yote ya kujitolea kulikuwa na kampuni iliyoitwa freenode Limited, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikawa ya Andrew Lee, mfanyabiashara aliyeanzisha Private Internet Access, kampuni ya VPN. Wafanyakazi wa kujitolea waliendelea na shughuli zao wakiamini kwamba karatasi ni karatasi tu na mtandao ni wao. Mwaka 2021 ukafika ubishi wa nani hasa ana neno la mwisho, na tarehe 19 Mei wengi wao wakajiuzulu kwa pamoja, wakafungua mtandao mpya siku hiyohiyo: Libera Chat. Wao walisema wameporwa. Lee alisema mtandao ni mali yake halali na kwamba yeye ndiye aliyeutegemeza kwa fedha. Kwa karatasi, hoja yake si ya kupuuzwa. Ila wiki moja baadaye freenode ikachukua kwa nguvu mamia ya chaneli ambazo maelezo yake yalitaja Libera, zikiwemo za miradi iliyokuwa bado haijaamua kuhama. Hapo hata waliokuwa katikati wakafunga virago. Watu wa Ubuntu na Gentoo, ambayo ni mifumo huria ya kompyuta, Wikimedia wenye Wikipedia, na wengine wengi wakahamia Libera. Mwezi uliofuata freenode ikaanza upya na kufuta usajili wote wa zamani, majina ya watu ya miaka na miaka yakapotea.

Libera wao walijisajili Uswidi kama chama kisichogawana faida. Wanachama ni hao wafanyakazi wa kujitolea, na seva ni za kutolewa na wafadhili ambao hawapati kura kwa kutoa seva. Mtu hawezi kununua kitu ambacho hakuna mtu mmoja anayekiuza.

Kuna kundi lililoona mbali kuliko wote: Debian, watengenezaji wa mfumo huria wa kompyuta wa jina hilohilo. Hao waliondoka freenode mapema, mwaka 2006, wakahamia OFTC, mtandao wenye katiba na viongozi wa kuchaguliwa. Uhamisho wenyewe ulikuwa rahisi ajabu, kwa sababu Debian walikuwa na anwani yao ya kuingilia, irc.debian.org. Waliigeuza tu ielekee kwingine. Wanachama wakaendelea kuandika anwani ileile na kujikuta wameshahama.

Wazee wetu wa mlimani walilijua hili kwenye mifereji ya maji. Mfereji huchimbwa na kusafishwa na wote, asiyetokea siku ya kazi anatozwa faini, na mzee wa mfereji, ambaye mara nyingi alitoka ukoo ulioanza kuuchimba, ndiye anayepanga zamu. Ana heshima yake na upendeleo wake. Lakini hawezi kuuhamishia Dar es Salaam.

Nimesikia hoja kwamba katiba na kura ni mambo ya urasimu, kwamba grupu ni grupu tu. Sikubaliani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa la jinai, na uvumi ukisambaa kwenye grupu, wa kwanza kutafutwa na kila mtu ni admini. Mtu anayebeba mzigo huo bure ana haki ya kujua anaweza kufanya nini, kwa idhini ya nani, na atapumzika lini. Wapo waliokaa kwenye uadmini tangu grupu lilipokuwa na watu thelathini, leo ni mamia, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama bado wanataka.

Kwa hiyo wale wa Arusha waliponiletea simu za kutengeneza nikawauliza: hili jipya mlilifungua kwa namba ya nani? Wakatazamana. Limefunguliwa kwa namba ya mmoja wao, kijana mwema, hauzi viwanja. Bado. Na namba yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, kwa hiyo akigombana na wenzake kesho, hadithi ni ileile.

Nikawapa mapendekezo. Majina na namba za wanachama wote ziandikwe kwenye daftari la katibu, nje ya WhatsApp, ili siku ya kuhama hata aliye Serengeti apigiwe. Hilo ndilo irc.debian.org yao. Uadmini uwe wa mwaka mmoja mmoja. Na chama chao kikishasajiliwa, grupu lifunguliwe upya kwa laini ya chama, kwenye simu isiyo ya mtu binafsi, inayowashwa mara kwa mara, maana WhatsApp hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika.

Mawili ya kwanza wameyapokea vizuri. Kwenye la simu wamekwama. Mweka hazina anasema ikae kwake, katibu anasema ikae kwake, na mzee mmoja wa Ngarenaro anataka simu ikae kwa mmoja na namba ya siri ya laini ikae kwa mwingine. Mimi nipo upande wa mzee.