Katuni za makaroni na tarizi zake, tuziamini au tuzitupe?

Wengi wanaofuatilia historia ya mavazi hawataki hata kuzisikia zile katuni za dhihaka za London za miaka ya 1770, wanasema zinatia chumvi mno, ukitaka kujua tarizi za enzi zile nenda makumbusho kaangalie kizibao chenyewe. Siwapingi kabisa. Vijana waliopachikwa jina la makaroni, yaani wale wapenda fasheni wa kupindukia, wamechorwa na nywele ndefu kama mnara, na rangi zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapa, kwa hiyo ua jekundu kwenye nakala moja linaweza kuwa la buluu kwenye nyingine.

Lakini jamani, kutia chumvi sio kutunga. Chumvi unaitia kwenye kitu ambacho mwenzako anakijua tayari, la sivyo hacheki, na Matthew na Mary Darly, mume na mke waliochapa katuni hizo, pale dukani kwao mtaa wa Strand, London, waliishi kwa kuuza kicheko. Kizibao cha makumbusho kinakuonyesha mishono vizuri, ila hakikwambii waliomwona mvaaji akipita walisema nini.

Na hapa ndo sheria ya 1749 inanisumbua, tunaipita haraka sana. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kuingiza tarizi za nje pamoja na nyuzi za dhahabu na fedha, kulinda mafundi wa ndani. Sasa mtu wa mwaka 1772 akimwona makaroni kwenye katuni na kizibao kilichojaa maua, hawazi tu kwamba huyu kajiremba kama mwanamke, anawaza pia kakitoa wapi, isije ikawa ni magendo ya Ufaransa, na fundi wa hapa atakula nini? Inasimuliwa kwamba Charles James Fox, mwanasiasa kabisa wa Uingereza, alifunga safari toka Paris hadi Lyon, mji wa Ufaransa unaosifika kwa hariri, kwa ajili ya vizibao tu, na yeye alichorwa makaroni. Kinyongo hicho hukioni kwenye hariri hata ukiishika mkononi.

Wanaosema wachora kejeli hawakujua ushonaji wamwangalie Charles-Germain de Saint-Aubin, mchoraji wa tarizi wa mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1770 alitoa kitabu cha ufundi wa kutarizi, na huyohuyo kwa miaka mingi alikuwa anajaza albamu ya michoro ya kuwadhihaki wakubwa, haikuchapwa, ilifichwa na familia, leo ipo Waddesdon Manor, jumba la makumbusho huko Uingereza. Mkono uliopanga maua ya makoti ya ikulu ndio huohuo uliokuwa unawacheka walioyavaa.