Muda Wako wa Leo Umekwisha

Laini ya simu ya mwanangu imesajiliwa kwa alama ya kidole changu, kwa kuwa mtoto wa miaka 15 hana kitambulisho cha taifa, na ukibonyeza *106# kwenye simu yangu utaiona namba yake imepangwa chini ya jina langu pamoja na zangu. Kwa maana hiyo, mbele ya serikali, anayecheza gemu hadi saa nane za usiku na kuamka saa tano asubuhi akidai kichwa kinamuuma ni mimi. Shuleni kwao simu ni marufuku, hivyo hamu yote husubiri likizo ya Desemba, na safari hii nilikuwa nimeapa kwamba simwachii uwanja.

Mfanyakazi mwenzangu alinieleza habari za programu ya udhibiti: unaiweka kwenye simu ya mzazi na ya mtoto, unapanga muda wa matumizi kwa siku, na muda ukiisha simu ya mtoto hujifunga yenyewe hadi mzazi atoe ruhusa. Wako wanaosema kijana wa siku hizi ni wa kukaa naye chini na kuzungumza naye kirafiki. Mimi nilizungumza naye kirafiki mwaka mzima, naye akanisikiliza kirafiki mwaka mzima, macho yakiwa kwenye kioo. Tatizo la programu ile lilikuwa moja tu, kwamba maandishi yake ni madogo na miwani yangu niliisahau ofisini, kwa hiyo nilimpa kijana simu zote mbili aiweke mwenyewe, nami nikaketi pembeni kusimamia. Ni kweli kwamba huko ni kumkabidhi mshtakiwa funguo za mahabusu, lakini aliifanya kazi ile kwa adabu kiasi kwamba nilianza kumwonea huruma.

"Baba, inauliza iwe saa ngapi kwa siku."

"Mbili," nilisema kwa ukali. "Na sitaki mjadala."

"Hakuna mjadala, baba."

Jumapili iliyofuata nilikuwa Sinza kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, ambako mimi ni mweka hazina na orodha yote ya michango imo kwenye simu yangu. Mwenyekiti ni baba mkubwa. Katibu ni kijana makini kupita kiasi, ambaye huandika daftarini kila ahadi inayotamkwa kikaoni, hata ukiahidi kwa utani. Nilisimama nikaanza kusoma: familia ya Mbezi, ahadi shilingi 300,000, wamelipa shilingi 50,000. Kabla sijafika kwa wadaiwa wa Tabata, kioo kikawa cheupe chote na maandishi makubwa, yanayosomeka bila miwani, yakatokea katikati. Shangazi aliyekuwa begani kwangu aliyasoma kwa sauti kama anayesoma tangazo la msiba:

"Muda wako wa leo umekwisha. Mwombe mzazi wako akuongezee."

Ukumbi ulinyamaza. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, aliweka soda yake chini. "Sasa unasubiri nini?" akasema. "Mzazi wako nipo hapa. Omba."

Simu haikukubali hata kupiga. Namba pekee niliyoikumbuka kichwani ilikuwa ya kijana, kwa sababu laini zetu tulizinunua siku moja na zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu. Nikaazima simu ya katibu, nikapiga. Iliita hadi ikakata. Hapo lazima nieleze kwamba nyumbani kwangu kila mtu amefundishwa vizuri kuhusu matapeli wa mtandaoni, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mwalimu ni mimi mwenyewe: usipokee namba ngeni, usitaje namba ya siri hata kwa anayejiita ndugu, na ujue kwamba tapeli daima ana haraka. Nikaandika ujumbe: "Mimi baba yako, nipo kwenye kikao, nina dharura, fungua simu yangu haraka sana."

Jibu lilikuja papo hapo. "Tapeli, namba yako naituma 15040 sasa hivi."

Katibu alipoona simu yake inakaribia kuripotiwa kwa utapeli aliinuka kwenye kiti. Nikaandika kwamba mimi ni baba wa kweli. Kijana akauliza: "Kama ni baba, mwalimu wangu wa darasa anaitwa nani?"

Niliwatazama wajumbe, wajumbe wakatazama chini. Nikajibu kwamba baba yake hana muda wa maswali.

"Hapo umefanana naye kidogo," aliandika. "Lakini jibu."

Baadaye alinieleza kwamba siku ile programu ilipouliza simu ya mtoto ni ipi, aliniuliza, nami nikamwonyesha kwa kidevu bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa nimekodolea simu ya mama yake, nikitazama video za watu wanaochimba kisima kwa mikono. Mimi sikumbuki kidevu hicho. Ninachokumbuka ni shangazi akiniuliza mbele ya watu kama huyo mwalimu ni mwanamume au mwanamke.

Kijana alinipa nafasi ya mwisho. "Uliniahidi nini nikifaulu mtihani wa kidato cha pili?"

Hilo nililijua, kwa sababu nilikuwa nikilikwepa tangu mwezi wa pili. Nikaandika, "Baiskeli." Akajibu kwamba hilo hata tapeli anaweza kubahatisha, kwa hiyo nitaje ni kwa mtihani tu au hata kwa kunifungulia simu leo. Baba mkubwa akauliza kwa nini kikao kimesimama. Nikasema kwa sauti, huku nikiandika, "Basi, nimeahidi, baiskeli nitanunua!" Simu yangu ikalia mfukoni: umeongezewa dakika 15.

Nilipoketi kuendelea na wadaiwa wa Tabata, katibu alikuwa ameshaandika jina langu daftarini, mbele yake baiskeli moja, akaniuliza nitalipa taslimu au kwa simu.