Sahihi 6,000 za kumrudisha MCA nyumbani

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 104, inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla muhula haujaisha. Kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, haki kama hiyo imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti, na ombi lazima liwe na sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa katika wadi.

Tuchukue wadi yenye wapiga kura 20,000. Zinatakiwa sahihi 6,000. Mwaka 2022 waliojitokeza kote nchini walikuwa karibu asilimia 65, na kwa wadi yetu hizo ni kura 13,000. Wagombea wakiwa saba, mtu anaweza kushinda kwa 4,000. Wanaohitajika ili tu kura ya kumwondoa iitishwe ni wengi kuliko waliomchagua! Kwa muda mrefu hesabu hiyo ilinitosha kusema kizingiti ni kirefu mno.

Lakini wale sita walioshindwa wana kura 9,000. Wakikubaliana jioni moja, sahihi zinapatikana bila MCA kufanya kosa lolote. Hofu hii si ya kupuuzwa. Ndiyo maana naunga mkono kinga ya miaka miwili ya kwanza anayopewa na sheria, kwa sababu kisima hakichimbwi kabla bajeti haijapita. Mwaka wa mwisho pia haguswi, maana uchaguzi umeshabisha hodi.

Kwa wabunge mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi ya shirika la Katiba Institute, ilifuta vifungu muhimu vya Sheria ya Uchaguzi, kikiwemo kilichomkataza mgombea aliyeshindwa uchaguzini asianzishe ombi. Kufikia 2025 Bunge lilikuwa halijaziba pengo, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikasema inaweza kushughulikia maombi dhidi ya MCA pekee. Wanaotakiwa kutunga sheria ya kuwaondoa ndio hao hao watakaoondolewa nayo, na sioni kama wana haraka.

Hata MCA walipata ahueni wasiyoistahili. Dirisha la maombi kwa muhula ulioanza 2022 lilifunguka Agosti 2024, lakini IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Miezi kumi na moja kati ya 24 ikapotea.

Linaloniumiza zaidi ni la yule anayetia sahihi. Kura ni siri; sahihi ina jina na nambari ya kitambulisho, na mtaani habari hazikai. Mama mwenye mtoto anayesubiri basari ya kaunti atapima mara mbili kabla ya kushika kalamu, hata kama barabara ya kwake haipitiki tangu masika. Kupunguza asilimia 30 hakumsaidii huyo. Ningependa sahihi zipokelewe na maofisa wa IEBC wenyewe, faraghani, na kumfichua aliyesaini liwe kosa la jinai. Baada ya hapo ndipo tubishane kama 6,000 ni nyingi.