Nani alishika daftari la michango?

Wakitajwa waasisi wa harakati za wafanyakazi wa Uingereza, jina la kwanza huwa Keir Hardie. Sina ugomvi naye. Mtu aliyeshuka machimboni akiwa na miaka 10, kisha mwaka 1892 akaingia Bungeni bila koti jeusi la kiungwana, sanamu anastahili. Ila mimi nikisoma historia ile hutafuta pesa: nani alichanga, na watoto walikula nini siku ambazo hapakuwa na ujira?

Chukua kijiji cha Tolpuddle, huko Dorset, kusini mwa Uingereza. Ujira wa vibarua wa mashambani ulishushwa kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 8, ukafika 7, na wakawa wanatishiwa 6. George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, akaunda chama na wenzake. Kiingilio shilingi moja, halafu peni moja kila wiki. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha kuruhusiwa tangu 1824, kwa hiyo ikachimbuliwa sheria ya 1797 dhidi ya viapo haramu, iliyotungwa baada ya mabaharia wa jeshi kuasi. Machi 1834 watu 6 wakahukumiwa miaka 7 uhamishoni Australia. Kwa kosa la kuapa! Shilingi 7 hazikuwa na mtuhumiwa.

Maandamano makubwa ya London ya kuwatetea yanakumbukwa sana, na msamaha ulitoka 1836. Mimi naikumbuka zaidi kamati iliyochangisha fedha za kuwatunza wake na watoto, kisha wafungwa waliporudi ikawatafutia mashamba ya kukodi Essex. Kazi ya namna hiyo haina hotuba.

Sasa ruka hadi Agosti 1889, bandari ya London. Makuli walikuwa wakigombania kibarua getini kila asubuhi, wengine wakipata saa moja au mbili tu za kazi. Wakagoma. Walidai peni 6 kwa saa badala ya 5, na anayeitwa kazini ahesabiwe angalau saa 4. Viongozi wa mgomo, Ben Tillett na John Burns, walihutubia hadi sauti zikakauka. Mimi namhusudu mwenzao Tom Mann, siku ya kuwagawia wagomaji tiketi za chakula. Umati wenye njaa ulitaka kuvunja mlango. Akaegemeza mgongo kwenye mwimo mmoja, akakaza mguu kwenye mwimo wa pili, akawa anawapitisha mmoja mmoja chini ya mguu wake huku akipiga nao soga.

Fedha za tiketi zilikaribia kwisha. Zikaja kwa simu ya maandishi kutoka Australia, kama pauni 30,000, na katikati ya Septemba makuli wakapata peni 6 yao. Nchi ileile walikopelekwa wale 6 kama wahalifu, miaka 55 nyuma! Sijui kwa nini jambo hili halitajwi kila mara.

Hata Bungeni hadithi ni hiyohiyo. Kamati iliyokuja kuwa Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, iliundwa Februari 1900, na 1906 ikapata wabunge 29. Mbunge hakuwa na mshahara wa serikali hadi 1911, ulipowekwa wa pauni 400 kwa mwaka. Kabla ya hapo mchimba makaa aliyechaguliwa aliishi kwa peni za wenzake. Majaji walijua pa kupiga. Mwaka 1901, katika kesi ya reli ya Taff Vale, waliamua mfuko wa chama cha wafanyakazi unaweza kutozwa fidia ya mgomo, na chama cha wafanyakazi wa reli kikatoa pauni 23,000. Mwaka 1909 wakapiga marufuku vyama vya wafanyakazi kutumia ada kwa ajili ya siasa. Aliyefungua kesi hiyo ya pili, Walter Osborne, hakuwa tajiri. Alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni, na katibu wa tawi la chama alichokishtaki.