Kabla Hujanunua Kopo la Bakteria

Siku hizi ukiingia duka la dawa hapa mjini Mombasa, kuanzia Barabara ya Digo hadi Nyali, vikopo vya probiotiki huvikosi. Bakteria hai ndani ya kapsuli, bilioni kumi kwa siku, kitambi kwaheri. Wenzangu tunaotembea nao jioni Mama Ngina wanavizungumza kila siku. Mimi nikiulizwa, jibu langu ni moja: pesa zako weka kwanza.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 2006 maabara ya Jeffrey Gordon kule St. Louis, Marekani, ilichukua bakteria wa utumbo wa panya wanene na kuwatia panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja. Panya hao wakajaza mafuta kuliko wenzao waliotiwa bakteria wa panya wembamba. Basi hapo ndipo biashara iliponusa pesa.

Kwa binadamu mambo ni madogo zaidi. Huko Japani, katika utafiti uliotolewa 2010, watu 87 walikunywa maziwa ya mgando kwa wiki 12, ya baadhi yao yakiwa na bakteria Lactobacillus gasseri, aina yenye namba SBT2055. Hao mafuta ya ndani ya tumbo yalipungua asilimia 4.6, uzito asilimia 1.4. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo moja na robo. Nako Kanada, 2014, watu waliopunguziwa chakula walipewa aina ya Lactobacillus rhamnosus. Wanawake walipungua kuliko waliomeza tembe tupu zisizo na bakteria, wanaume hawakupata tofauti yoyote. (Kina baba, mmesikia.)

Sasa itazame ile SBT2055. Iliyojaribiwa ni hiyo, si Lactobacillus yoyote. Kuuziwa “Lactobacillus” bila namba ya aina ni sawa na kuuziwa “samaki” bila kuambiwa ni changu au papa. Kopo nililolishika majuzi namba hiyo halikuwa nayo. Lilichokuwa nacho, kwa maandishi ya kuumiza macho, ni onyo: liwekwe chini ya nyuzi 25, mbali na unyevu. Mombasa hii! Na lilikuwa rafu ya dirishani, jua la alasiri linalipiga. Hao bilioni kumi sijui walikuwa wamebaki wangapi.

Prebiotiki ndizo zinazonilegeza kidogo. Hizo ni nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng’enya sisi, wanazila bakteria. Mwaka 2009, Kanada tena, waliokula gramu 21 za oligofruktosi kila siku kwa wiki 12 walipungua kilo moja hivi, na wenzao wa kulinganishwa wakaongezeka karibu nusu kilo. Nyuzinyuzi za namna hiyo zimo kwenye vitunguu, saumu na ndizi, vitu vilivyojaa Marikiti, ingawa kufikisha gramu 21 kwa vitunguu vitupu utakimbiwa na watu. Mbaazi na kunde nazo zina zao. Shida yetu haijawahi kuwa mbaazi. Ni lile tui zito na mahamri manne ya kusindikizia.

Anayetaka kopo lake alinunue, lakini atafute namba ya aina, aulize lilihifadhiwa wapi, na apime kiuno kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu. Mwenye kinga dhaifu, au aliye kwenye tiba ya saratani, aonane na daktari kwanza, kwani kuna wagonjwa wa hali hiyo ambao bakteria hawa waliwaingia kwenye damu.