Masikio ya Mickey hayageuki

Mtazame Mickey Mouse kwenye katuni za zamani anapogeuza kichwa. Pua inahama, macho yanahama, lakini masikio yanabaki duara mbili kamili, aelekee kokote. Kwenye karatasi hilo halina taabu. Kwa fundi wa wanasesere ni mtihani, kwa sababu sikio la kitambaa likitazamwa kutoka ubavuni ni jembamba kama ukucha. Charlotte Clark, aliyeshona wanasesere wa kwanza wa Mickey huko California mwaka 1930, ilimbidi achague la kufanya, na kila aliyemfuata amechagua upya.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya mapenzi yasiyokwisha ya wanaokusanya wanasesere wa wahusika wa katuni. Wengi husema ni kumbukumbu za utotoni. Sikatai, ila kumbukumbu haielezi kwa nini mtu mwenye wanasesere saba wa mhusika mmoja bado anamsaka wa nane. Anachosaka ni jibu jingine la swali lilelile: mstari wa wino utapataje mwili? Swali hilo ni la zamani. Kewpie, vitoto vya kuchorwa, walizaliwa jaridani mwaka 1909 kwa kalamu ya Rose O'Neill, na kufikia 1913 walikuwa wanauzwa kama wanasesere wa kauri. Miaka ya 1920 kampuni ya Schoenhut ya Philadelphia ilimtengeneza Felix, paka wa katuni, kwa vipande vya mbao vilivyotungwa kwenye kamba ya mpira, ukimkunja anabaki na mkao uliompa. Kamba hiyo huchoka. Akianza kulegea, tunga kamba mpya; usithubutu kugandisha viungo kwa gundi, maana Felix asiyekunjika si Felix tena.

Mali ghafi ndiyo inayoamua umri wa mwanasesere, na wakusanyaji wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa. Betty Boop, msichana wa katuni, wa miaka ya 1930 ana kichwa cha rojo la vumbi la mbao na gundi, kilichopakwa rangi juu. Unyevu ukipanda na kushuka, kile cha ndani huvimba na kunywea kuliko rangi, basi uso unapasuka mistari midogomidogo kama kaka la yai. Huyo haogeshwi kwa maji kabisa. Mweke mahali penye unyevu usioyumba, karibu asilimia 50, mbali na dirisha.

Wa vinyili wana ugonjwa mwingine. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ya mafuta, na miaka ikienda mafuta hayo hutoka nje taratibu. Utagusa mguu uone unanata, na vumbi limeganda juu yake. Pamba yenye maji vuguvugu na tone moja la sabuni inatosha kumsafisha, ila shingo isiingie maji: mizizi ya nywele ndani ya kichwa hubaki na unyevu na kuota ukungu. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usiiguse, inang'oa rangi ya macho na midomo. Na kwa kuwa chanzo kiko ndani, kunata kutarudi. Joto huharakisha, na kumfungia kwenye mfuko wa plastiki huzidisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoabudu boksi ambalo halijafunguliwa. Nguo nyekundu iliyobanwa kwenye paja la vinyili kwa miaka huacha doa lililozama, na wewe huoni kitu mpaka siku unayofungua. Mtoe, mtenganishe na nguo kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, boksi lihifadhi bapa.

Tahadhari nyingine ni mwaka uliochapwa kwenye shingo au mgongo. Ule ni mwaka wa kusajili haki ya umbo, si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Kalibu moja ya kichwa hutumika miaka mingi, kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya ukongwe akitegemea tarakimu hizo peke yake, mwombe akuonyeshe pia lebo ya nguo na nchi iliyoandikwa.

Kabla ya kulipa, mgeuze mwanasesere ubavu. Uso wa mbele karibu kila kiwanda huupatia. Ubavuni ndiko utakakoona kama fundi alifikiri: pua imetokeaje, nywele zimeshikaje umbo la mchoro, na masikio yamepewa unene gani.