Kujitolea baada ya kumaliza chuo: nani anafaidika?

Kila mahafali ya vyuo vya Tunguu na Chukwani, hapa Zanzibar, yanapomalizika, majumbani huanza mjadala ule ule. Kijana asubiri tangazo la ajira ya Serikali, aende kujitolea skuli, hospitali au ofisi ya wizara, au aingie hotelini kwa kazi yoyote yenye mshahara? Wazee wengi huelemea kujitolea. Wanasema ukishaonekana na wakubwa wakakujua, nafasi ikitoka hutosahaulika. Vijana nao wanazidi kuikataa njia hiyo, maana wanawaona kaka na dada zao waliojitolea miaka mitatu au minne na bado wanaomba nauli nyumbani. Kila upande una haki yake, lakini jawabu linategemea sana umesomea nini na umeahidiwa nini kwa maandishi.

Tuanze na ualimu, kwa sababu ndiko kujitolea kunakolipa zaidi. Mhitimu wa fizikia anayefundisha kidato cha tatu kwa mwaka mmoja hujifunza kupanga azimio la kazi, kuandaa andalio la somo, kutunga mtihani unaolingana na muhtasari wa somo na kulishika darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Mazoezi ya kufundisha ya chuoni ni ya wiki chache tu na hayakufikishi huko. Siku ya usaili, mtu anayeulizwa atafundishaje mada fulani bila maabara hujibu kwa alichokifanya, na wasaili huona tofauti. Fani za afya na za ufundi ziko vivyo hivyo: mkono usioshika vifaa kwa miaka miwili husahau. Ila kwa afya, usajili wa baraza la taaluma uje kwanza. Kumhudumia mgonjwa bila usajili, hata kwa nia njema, ni kujiweka hatarini wewe na kumweka hatarini yeye.

Faida nyengine ni wadhamini. Maombi mengi ya kazi hutaka majina ya watu wanaokufahamu kikazi, mara nyingi watatu. Mhitimu mpya huwaandika wahadhiri wawili waliomfundisha katika darasa la watu mia, halafu wakipigiwa simu hawamkumbuki. Mwalimu mkuu aliyekuona ukifika saa moja asubuhi kila siku ni mdhamini wa kweli.

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yetu hauzungumzwi vya kutosha. Kujitolea si ahadi ya ajira. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hutangazwa na hushindaniwa kupitia Tume ya Utumishi Serikalini, na mkuu wa ofisi uliyoitumikia hana mamlaka ya kukuingiza katika ikama, yaani idadi ya watumishi wanaolipwa, kwa sababu tu umemzoea. Anaweza kukuambia "subiri kidogo" kwa moyo safi kabisa, na bado asiwe na la kukupa. Siku zote hizo huna mshahara, na huna mchango ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ambao mwajiri na mwajiriwa wote wawili huuchangia. Miaka mitatu ya kujitolea haihesabiki hata siku moja katika pensheni yako.

Gharama nazo zihesabiwe. Chukua mfano wa kijana anayetumia shilingi 3,000 kwa siku kwa nauli na chai. Kwa siku 22 za kazi ni 66,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 792,000. Fedha hizo hutoka kwa baba mvuvi au mama mkulima wa mwani. Kwa hiyo anayeweza kujitolea muda mrefu ni yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumbeba, na mtoto wa masikini huachwa nje ya uzoefu unaodaiwa kuwa uko wazi kwa wote. Tena ofisi inayopata mikono ya bure haisukumwi kuomba nafasi ya kulipwa. Pengo lipo, lakini kwenye karatasi halionekani kwa sababu kuna mtu analiziba.

Hapo ndipo kazi za ofisini zinapotofautiana na ualimu. Mhitimu wa utawala au uhasibu anayejitolea masijala, akatoa kopi, akabeba mafaili na kuandika barua zinazoingia kwenye rejista, hujifunza yote hayo ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo anatumikia tu. Kwa fani hizo hatuoni sababu ya kuvuka miezi sita, isipokuwa kama amekabidhiwa kazi yenye matokeo yanayoonekana: kufunga hesabu za mwezi, kuandaa bajeti ya kitengo, kusimamia ununuzi hadi mwisho.

Vyovyote iwavyo, asiende mtu kwa mdomo tu. Aombe barua yenye mambo haya: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi atakazofanya, jina na cheo cha msimamizi wake, posho ya nauli ikiwepo, na kwamba atapewa barua ya utumishi atakapoondoka. Ofisi inayokataa kuandika tarehe ya mwisho imeshakuonesha ilivyokupangia.

Na hoteli? Wengi huiona kazi ya hoteli kuwa ni kuitupa shahada. Si lazima iwe hivyo. Hoteli kubwa za Nungwi, Kiwengwa na Paje zina uhasibu, stoo, buking, rasilimali watu na mifumo ya kompyuta, na mhitimu anayeingia stoo kuhesabu mali anaweza kufika uhasibu akiwa na uzoefu unaokubalika benki. Kinachowaangusha wengi ni wakati wa kuomba. Wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni hupungua, hoteli nyengine hufunga na mikataba ya msimu hukatika. Anayepeleka CV Aprili akitarajia kuanza wiki ijayo atarudi mikono mitupu. Maombi yanapaswa kufika Mei kwa ajili ya msimu wa Juni hadi Oktoba, na Oktoba au Novemba mwanzoni kwa ajili ya Disemba.

Wasiwasi wa wazazi kuhusu pombe, zamu za usiku na mavazi si wa kubezwa. Lakini unajibika kwa maswali yanayoulizwa kabla ya kusaini: ni idara gani hasa, zamu zikoje, sare ni ipi na hijabu inaruhusiwa, gari ya wafanyakazi inafika wapi na saa ngapi, mkataba ni wa msimu au wa mwaka, na ZSSF inaanza mwezi gani. Ubaya wa hoteli kwa anayetaka Serikali ni mwengine kabisa: ruhusa ya kwenda usaili mwezi wa Agosti ni ngumu kupatikana.

Anayejitolea na aliye hotelini, wote wawili huanguka mahali pamoja, nako ni kwenye nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cha kidato cha nne Hamis, na cha chuo kina "Mohd" pahala pa Mohammed. Mfumo wa maombi hausomi nia, husoma herufi. Linganisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya Baraza la Mitihani, cha chuo, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na namba ya NIDA mapema, kisha anza marekebisho au hati ya kiapo kwa wakili. Hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti, kwa hiyo fuatilia cheti halisi chuoni. Aliyesoma nje ya nchi apeleke shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kutambuliwa. Usisahau pia taasisi za Muungano, ambako mgao wa nafasi kwa Wazanzibari ni asilimia 21: maombi yake hupitia Sekretarieti ya Ajira, na wengi hawafungui akaunti mpaka tangazo litoke.

Kwa wa Pemba, aweke akiba ya boti kutoka Mkoani na ya malazi, kwani usaili wa mchujo na wa mahojiano unaweza kufanyika siku tofauti Unguja au hata Dodoma.

Limebaki suala la kuondoka. Mwaka wa masomo huanza Januari, na mwalimu wa kujitolea anayekimbilia hoteli mwezi wa Juni huwaacha watoto wa kidato cha nne bila mwalimu miezi michache kabla ya mtihani wa Novemba. Haki ya kuondoka anayo, kwani halipwi. Lakini amwambie mwalimu mkuu muhula mmoja kabla, na amalize mada aliyoianza. Barua yake ya utumishi aichukue siku hiyo hiyo ya kuaga, ikiwa na muhuri na tarehe. Tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki moja au mbili tu, na litakapotoka huenda mwalimu mkuu aliyemjua ameshahamishwa.